Garasa na Turufu: Jinsi Mashabiki Wanavyompima Mshambuliaji Asiye na Rekodi

Katika michezo ya karata inayochezwa vibarazani Dar es Salaam, garasa ni karata isiyo na hesabu. Ukigawiwa unakunja uso, ukilitupa hakuna anayegutuka. Wapenzi wa soka walilichukua neno hilo siku nyingi wakaliingiza katika msamiati wa usajili: mchezaji aliyenunuliwa kwa mbwembwe akashindwa kung'ara ni garasa, na klabu iliyomnunua imeuziwa garasa. Lakini yapo ambayo kila mcheza karata anayajua na kila shabiki huyasahau akishanyanyuka mkekani. Garasa la shupaza, ikiwa shupaza ndiyo turufu, linakula ree ya kopa. Karata ni ile ile. Kilichobadilika ni turufu.

Makala haya yanadai kwamba mjadala wa mashabiki kuhusu usajili wa mshambuliaji kijana una mantiki yake, na kwamba mantiki hiyo inastahili kuchunguzwa badala ya kudharauliwa kama kelele za vijiweni. Yanadai pia kwamba mantiki hiyo ina tundu moja kubwa, nalo ni hilo la turufu. Mfano ninaoutumia ni wa klabu ya Yanga katika dirisha la usajili la katikati ya mwaka 2023, pale swali la nani angemrithi Fiston Mayele lilipogeuka gumzo la mji mzima.

Uzito wa swali lenyewe unahitaji kukumbushwa. Mayele, Mkongomani aliyetua Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita, alikuwa amemaliza msimu wa 2022/23 na mabao 17 ya Ligi Kuu, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na mabao 7 katika Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga ilifika fainali ya kombe hilo ikalikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu: ilifungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, ikaenda kushinda 1-0 Algiers. Namna yake ya kushangilia, ile ya kutetema, iliigwa na watoto wa shule na maharusi ukumbini. Kisha akaenda Pyramids ya Misri. Walioangaliwa zaidi walikuwa wawili wasiofanana. Mmoja ni Hafiz Konkoni, Mghana wa miaka 23 aliyesajiliwa kutoka Bechem United. Mwingine ni Clement Mzize, wa miaka 19, aliyekuwa amepandishwa kutoka kikosi cha vijana cha klabu hiyo hiyo.

Siku hizo nilikuwa nikipita jioni kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Kariakoo. Muuzaji ana birika la shaba juu ya makaa, vikombe anavisuuza kwenye ndoo, kashata zimefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Pembeni wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na wengine wote wanacheza mpira kwa mdomo. Fundi cherehani mmoja, kijana, alikuwa haamini kabisa habari za Mzize.

"Mzee wangu, dogo mbio anazo, nguvu anazo. Ila akifika langoni anapata kiwewe."

"Mwanangu, Mayele alivyokuja wewe ulimjua?"

"Nilimjua. Katoka Vita."

"Basi na huyu katoka hapa hapa. Kutoka hapa hapa ndiyo kosa lake?"

Benchi zima likacheka, ila swali la mzee halikujibiwa, na sidhani kama lilikuwa mzaha. Ndani yake kuna ugunduzi ambao wachambuzi wa redioni, kwa wingi wa takwimu zao, mara nyingi hawaufikii: umri wa mchezaji kijiweni hauhesabiwi kwa miaka, unahesabiwa kwa mlango alioingilia. Magazeti humwita mchezaji mdogo kinda, viongozi wa klabu humwita chipukizi, mtaa humwita dogo. Konkoni, kwa miaka yake 23, hakuwa kinda wala chipukizi wala dogo. Alikuwa "straika mpya". Mgeni hana utoto. Amepandishwa ndege, amelipiwa, amepigwa picha na jezi, anatakiwa afunge.

Tuangalie sasa hoja zenyewe zinavyojengwa. Mchezaji wa miaka 29 ana faili: misimu kadhaa, mabao, majeraha, makocha aliogombana nao. Anayebisha na anayekubali wote wanafungua faili lile lile, na mabishano yao ni ya kulisoma tu. Kijana hana faili. Anayo mechi chache, video fupi iliyohaririwa na wakala wake, na sifa za mtu aliyemwona akicheza mahali fulani. Kwa hiyo hoja lazima iazimwe kwingine, na inaazimwa kwa wachezaji waliotangulia. "Huyu ni kama fulani" ndiyo sentensi mama ya mjadala wa usajili. Wanasheria wataitambua mara moja, maana ndivyo mahakama zinavyofanya kesi isipokuwa na kifungu kinachoigusa moja kwa moja: hutafutwa uamuzi wa nyuma unaofanana. Kijiwe kina mawakili wake, na kina kesi zake rejea. Shabiki wa miaka sitini anaheshimiwa kwa sababu ana maktaba kubwa ya kesi kichwani.

Kesi inayorejewa kuliko zote nchini ni ya Mbwana Samatta. Ukitaka kijana yeyote avumiliwe, unamtaja Samatta. Mwaka 2011, akiwa na miaka 18, alikuwa Simba ilipokutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ilishinda uwanjani, ikaja kuondolewa mashindanoni kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu isivyo halali baada ya Simba kulalamika. Pamoja na hayo iliondoka na kitu, maana mwaka huo huo ilimchukua Samatta. Mwaka 2015 alitwaa na klabu hiyo ubingwa wa Afrika, akafunga mabao 7, akatangazwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk, na Januari 2020 Aston Villa.

Kesi hii inatajwa kama ushahidi wa subira, na hapo ndipo ninapotofautiana na mawakili wa kijiweni. Subira ilikuwa ya nani? Simba haikumsubiri Samatta; ilimuuza. Miaka minne kati ya kinda wa 2011 na bingwa wa 2015 ilipita Lubumbashi, kwenye klabu yenye uwanja wake, fedha zake na washambuliaji wengine wa kubeba mzigo wakati yeye anakomaa. Kuitumia kesi hiyo kumtaka shabiki wa Dar es Salaam avumilie ni kutoa hukumu ya mahakama ya nchi nyingine bila kuwaambia wasikilizaji kuwa sheria zake ni tofauti.

Kwetu sheria zinazogawa subira zinajulikana, ingawa hazitajwi. Mwaka 2023 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wachezaji 12 wa kigeni. Mgeni kijana anakalia nafasi moja kati ya hizo, na kila wiki anayokaa bila kufunga kuna mgeni mwingine wa kufikirika anayeonekana bora zaidi yake. Mzawa hakalii nafasi ya mtu. Anaweza kusubiriwa miaka mitatu kwa sababu kumsubiri hakugharimu nafasi, lakini kwa sababu hiyo hiyo anaweza pia kusahaulika benchi. Kufika dirisha dogo la Januari 2024, Konkoni alikuwa ameondoka na Joseph Guede wa Côte d'Ivoire ameletwa. Wapo waliosema tuliwaambia, garasa lile. Nadhani nusu msimu haitoshi kumwita mtu jina hilo. Inatosha tu kuonyesha kuwa kiti alichokalia kilikuwa cha moto.

Pingamizi moja linastahili kupewa haki yake. Inasemwa kwamba shabiki hana ujuzi, hivyo aache benchi la ufundi lifanye kazi. Lakini shabiki wa Yanga au Simba kwa asili ni mwanachama, si mteja. Klabu hizi, ya 1935 na ya 1936, zilijengwa kwa ada na kadi, na mabadiliko ya miaka ya karibuni ya kuingiza wawekezaji hayajafuta kumbukumbu hiyo. Mwanachama anayeambiwa klabu "yake" imesajili, bila kuambiwa bei wala muda wa mkataba wala kiasi alichochukua wakala, ana sababu ya kuuliza maswali kwa ukali. Katika msimu wa 2022/23 alijifunza jinsi karatasi inavyoweza kuwa nzito kuliko miguu. Mgogoro wa mkataba wa Feisal Salum na Yanga, ulioanza Desemba 2022, ulipita kwenye kamati za shirikisho bila kumalizika, mpaka Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa klabu, mbele ya wageni aliowaalika Ikulu, waumalize. Siku chache baadaye kiungo huyo akawa mchezaji wa Azam. Baada ya jambo kama hilo huwezi kumlaumu fundi cherehani akianza mjadala wa usajili kwa kuuliza, "Kasaini miaka mingapi?"

Kwa hiyo simlaumu shabiki kwa kushuku, wala kwa kulinganisha. Namlaumu kwa kuitazama karata bila kuuliza turufu. Mjadala wote wa 2023 uliuliza nani atafunga mabao ya Mayele, kana kwamba mabao hayo ni ya namba tisa na yamebaki pale pale langoni yakimngoja mrithi. Kocha mpya, Muargentina Miguel Gamondi, alikuwa na mpango mwingine. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Kennedy Musonda, mshambuliaji, alifunga moja. Manne yaliyobaki ni ya Max Nzengeli, mawili, na ya Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua, watu wanaotokea katikati na pembeni. Msimu ulipokwisha Yanga ilikuwa bingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki kwa mabao 21. Aliyemfuata, kwa mabao 19, alikuwa Feisal wa Azam, naye kiungo. Turufu ilikuwa imehamia katikati ya uwanja, na sisi bado tunagombania ree ya kopa.

Katika mfumo wa namna hiyo kazi ya mshambuliaji wa mbele ni kuvuta mabeki, kukimbia bila mpira, kuufungulia mlango mtu anayetoka nyuma. Kazi hiyo haishangiliwi na haina takwimu inayosomwa redioni. Kijana wa miaka 19 anaweza kuifanya vizuri dakika themanini, akakosa nafasi moja ya wazi, na jioni akaitwa garasa na watu waliomtazama bila kuona alichokuwa akifanya. Nakiri kwamba nami nilikuwa mmoja wao. Jioni moja, kikombe cha tatu mkononi, nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba Mzize angepelekwa kwa mkopo kabla ya mwaka kwisha, na nikatoa kesi rejea tatu kuthibitisha.

Msimu wa 2024/25 Mzize alifunga mabao 14 ya ligi. Agosti 2025, kwenye fainali za CHAN zilizochezwa nyumbani, alifunga mawili Tanzania ilipoifunga Madagascar 2-1. Nilirudi kijiweni wiki ile. Fundi cherehani alikuwa akimweleza mtu mgeni kwamba yeye dogo alimwona mapema, kabla ya wote, na mzee mwenye swali lake alikuwa ameinamia ubao wa drafti, hakunyanyua uso. Nilipoketi ndipo aliposogeza kizibo chake, akamwambia muuza kahawa: "Mpe na mwalimu kikombe. Leo atatueleza habari za mkopo."