Pinotage: Zabibu Yenye Wazazi Wanaojulikana na Wagema Wasiotajwa

Historia ya mvinyo husimuliwa kama historia ya ladha na ya mabingwa. Mimi naiona kwanza kuwa ni historia ya kazi, na sijapata mfano ulio wazi kuliko Pinotage, zabibu nyekundu ya Afrika Kusini. Mvinyo wake ni mzito, wa rangi iliyokolea, wenye harufu ya matunda meusi na moshi, na ukakasi unaobaki ulimini baada ya kumeza. Ukitengenezwa bila uangalifu, hunuka rangi ya kupakia ukuta. Una wapenzi wakereketwa na wapinzani wakali. Walio katikati ni wachache.

Nasaba yake inajulikana vizuri. Mwaka 1925, Abraham Izak Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alichavusha pamoja aina mbili kutoka Ufaransa. Moja ni Pinot Noir ya Burgundy, yenye mvinyo unaosifika lakini inayodeka shambani. Nyingine ni Cinsaut ya kusini, inayostahimili joto na kuzaa kwa wingi. Huko Cape, Cinsaut iliitwa Hermitage. Majina mawili yakaunganishwa kuwa moja. Mbegu nne alizozipata alizipanda katika bustani ya makazi yake ya chuo.

Kisha Perold akahamia KWV, ushirika wa wakulima wa mizabibu ulioanzishwa mwaka 1918, na bustani ikamezwa na magugu. Masimulizi yanasema kwamba chuo kilipotuma vibarua kuifyeka, mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyeijua miche ile, alipita hapo na kuiokoa. Ilihamishiwa Elsenburg, Profesa C. J. Theron akaiendeleza kwa kuipandikiza, na mvinyo wa kwanza ukapatikana mwaka 1941. Mwaka 1959 Pinotage ilitwaa ubingwa katika maonyesho ya mvinyo ya Cape, na mwaka 1961 jina lake likaonekana kwa mara ya kwanza kwenye lebo ya chupa, ile ya Lanzerac.

Hapa naomba tutue kidogo. Katika simulizi hii maprofesa wana majina, mashamba yana majina, hata miche ina idadi. Vibarua wanaingia mara moja tu, tena wanaingia kama hatari ya kuepukwa.

Ukimya huo una mizizi mirefu. Tangu zabibu za kwanza za Cape zilipokamuliwa Februari 1659, enzi za Jan van Riebeeck, kilimo hicho kilikuja kutegemea watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini waliokombolewa walifungwa kwa mabwana wao hadi 1838. Ukaendelea mtindo ulioitwa dop: sehemu ya ujira wa kibarua ililipwa kwa mvinyo hafifu, kikombe baada ya kikombe, siku nzima. Mlevi hadai nyongeza ya mshahara, wala hahami shamba kwa urahisi. Sheria iliupiga marufuku mtindo huo miaka ya 1960, lakini mashamba kadhaa yaliuendeleza kwa miongo mingine. Hadi leo, jimbo la Rasi Magharibi limo miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto waliodhurika tumboni kwa pombe.

Atakuwepo wa kusema kwamba zabibu haina hatia. Ni kweli. Lakini tangu mwaka 1994 Pinotage imenadiwa kuwa zabibu ya taifa, na neno taifa lina deni. Ardhi ya mizabibu iliyo mikononi mwa Waafrika weusi bado ni sehemu ndogo sana. Taifa hilo, basi, ni la nani?

Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimwonya mgema, lakini angalau walimtaja. Walijua kwamba tembo halijigemi. Asili ya Pinotage haikuishia kwenye maua mawili yaliyochavushwa na profesa. Imo pia katika migongo iliyoinama kati ya mistari ya mizabibu, na historia isiyoihesabu migongo hiyo ni nusu tu ya historia.