Nani Atamsemea Lapu-Lapu?

Shuleni tulikariri kwamba Magellan ndiye aliyeizunguka dunia. Hakumaliza safari. Aliuawa tarehe 27 Aprili 1521 ufukweni Mactan, Ufilipino, na watu wa Lapu-Lapu, chifu aliyekataa kumtii mfalme wa Hispania. Wala mtu huyu si mgeni kwetu: mwaka 1505 alikuwemo katika msafara wa Almeida, ule ule ulioivamia Kilwa na kuichoma Mombasa.

Sasa hebu tujiulize, habari za Mactan tunazipata kwa kalamu ya nani? Ya Pigafetta, Mwitaliano wa upande wa Magellan. Yeye anamlilia bwana wake kwa maneno mazito, lakini Lapu-Lapu ni kama jina tu. Alimwogopa nani alfajiri ile, alimzika nani jioni, hatuambiwi. Mshindi wa vita amekuwa bubu kwenye karatasi.

Wapo wanaodai riwaya isiguse hapo, eti historia ni ushahidi na riwaya ni uongo. Hata mimi nilikuwa upande huo. Aliyenitoa ni José Rizal. Mwaka 1887 alichapisha Berlin riwaya yake, Noli Me Tangere, akaanika dhuluma za mapadri wa Kihispania. Kisha akaishika historia yenyewe: huko London alikinakili kitabu cha mwaka 1609 cha Antonio de Morga, ofisa wa Kihispania, akakitoa upya na maelezo yake, ili kuonyesha kuwa Wafilipino walikuwa na ustaarabu wao kabla ya meli kufika. Rafiki yake Blumentritt, katika dibaji, alimkosoa kwamba anawahukumu watu wa kale kwa macho ya leo.

Mwaka 1891 Rizal alirudi kwenye riwaya, El Filibusterismo. Humo Simoun, mlipiza kisasi, anatega bomu ndani ya taa, na mpango unashindwa. Ndipo nilipoelewa. Katika maelezo ya historia Rizal alikuwa wakili wa watu wake. Katika riwaya aliweza pia kuwahoji. Tarehe 30 Desemba 1896 Wahispania walimpiga risasi mjini Manila.

Baada ya Wahispania wakaja Wamarekani. Mwaka 1901 wanakijiji wa Balangiga, kisiwani Samar, waliwashambulia askari wao; Jenerali Jacob Smith akaamuru wauawe wote wenye umri wa kushika silaha, kuanzia miaka 10! Katika Insurrecto (2018), Gina Apostol hatupi simulizi moja. Mmarekani mtengeneza filamu na Mfilipino mfasiri, wote wanawake, kila mmoja anaandika mkasa huo kivyake.

Desemba 2018 kengele za kanisa la Balangiga, zilizochukuliwa na askari wale, zilirudishwa. Chuma kimerudi. Sauti za waliokufa hakuna meli itakayozirudisha. Hiyo ni kazi yetu sisi waandishi. Basi tubuni, jamani, lakini tusiwafanye malaika.