Swichi ya Kukatia Umeme wa Jua: Mahali Inapopaswa Kuwekwa

Moto unapozuka nyumbani, mwenye nyumba hukimbilia swichi kuu iliyo karibu na mita, akaishusha na kuamini kwamba umeme wote umekatika. Ikiwa juu ya paa pana paneli za sola, imani hiyo si sahihi. Paneli huzalisha umeme maadamu zinapigwa na mwanga, na nyaya zinazoshuka kutoka paani hadi kwenye inveta hubaki na umeme hata kama ule wa TANESCO umezimwa. Paneli moja inayotumika majumbani hutoa takribani volti 40. Kumi zikiungwa mfululizo hufikia volti 400, kiasi kinachotosha kumuua anayezigusa nyaya hizo au askari wa zimamoto anayekata paa. Kwa sababu hiyo, kanuni za ufungaji umeme hutaka pawepo swichi ya pekee kwa ajili ya mfumo wa jua, na hazimwachii fundi uhuru wa kuifunga popote.

Miongoni mwa kanuni zilizolifafanua jambo hili kwa kina ni Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1897 na ambayo sasa hurejewa kila baada ya miaka mitatu. Kifungu cha 690, kinachohusu umeme wa jua, kiliingizwa mwaka 1984. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, swichi lazima iwe mahali panapofikika kwa urahisi, maana yake mtu aifikie bila ngazi, bila kukwea juu ya kitu na bila kuhamisha mizigo. Mkono wa swichi hauruhusiwi kuzidi takribani mita 2 kutoka sakafuni, na mbele yake hutakiwa nafasi wazi ya karibu sentimita 90. Bafuni hairuhusiwi kabisa. Swichi iliyofungwa darini, au iliyo nyuma ya magunia stoo, haikidhi sharti hilo hata kama ni ya ubora wa juu.

Viwango vya kimataifa vya IEC, pamoja na vya Uingereza ambavyo vimeathiri sana ufungaji umeme Afrika Mashariki, huongeza jambo moja la msingi: pawepo njia ya kutenganisha umeme pande zote mbili za inveta, yaani upande wa paneli na upande wa nyumba. Fundi anayeikarabati inveta hapaswi kutegemea upande mmja pekee. Aidha, masanduku ya viungio hutakiwa kubandikwa onyo kwamba sehemu za ndani zaweza kuwa na umeme hata baada ya inveta kutenganishwa.

Mahali pazuri hapasaidii kitu iwapo swichi yenyewe si ya aina inayostahili. Umeme wa gridi ni mkondo geu wa hezi 50, ambao hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde; hali hiyo husaidia kuzima cheche swichi inapofunguliwa. Umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu usio na sifuri hiyo. Cheche yake huweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi ya kawaida hadi ikayeyusha kisanduku chake. Kosa hili ni rahisi kufanyika, kwa kuwa swichi za aina hizo mbili hufanana kwa macho. Kinachozitofautisha ni maandishi ya volti na aina ya mkondo yaliyo ubavuni.

Hata swichi iliyo sahihi haiondoi umeme katika nyaya zilizo kati yake na paneli. Ndiyo maana tangu toleo la mwaka 2014 kanuni ya Marekani iliweka sharti la uzimaji wa haraka kwa mifumo iliyo kwenye majengo. Toleo la mwaka 2017 linataka nyaya zilizo nje ya eneo la paneli, kuanzia umbali wa takribani sentimita 30, zishuke hadi volti zisizozidi 30 ndani ya sekunde 30. Pasipokuwa na kifaa cha namna hiyo, hatari hupungua iwapo swichi itafungwa karibu na mahali nyaya zinapoingia ndani ya nyumba, badala ya kuzipitisha kwanza vyumba vitatu.

Nyumba yenye betri ina chanzo cha tatu cha umeme, nacho huhitaji swichi yake.

Nchini Tanzania, kazi za ufungaji umeme hufanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA. Nchini Kenya, mafundi wa mifumo ya sola hupewa leseni na EPRA. Kabla ya kupokea kazi, mwananchi amwombe fundi amwoneshe kila swichi na kuizima mbele yake, kisha abandike kwenye ubao wa swichi kuu kibao kinachoeleza swichi ya sola ilipo. Anayepiga simu 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aseme mapema kwamba paa lina paneli.