Cheni ya Hilux: Historia Niliyoikuta Ndani ya Injini

Shuleni tulizoea kuandika historia ya wafalme, vita na mikataba. Katika insha hii nitaandika historia ya kitu kidogo kilichotugharimu sana nyumbani: cheni ya taimingi ya pikapu ya baba yangu mdogo.

Sisi ni Wakongomani, tunaishi Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadaye walikuja Warundi, Wasomali na sisi. Hapa wakimbizi wengi walipewa vipande vya ardhi walime, lakini mahindi yakikaa shambani hayalipi karo. Lazima yafike sokoni. Ndiyo maana pikapu moja nzee, Toyota Hilux yenye injini ya 22R, ilikuwa inalisha nyumba zaidi ya moja.

Kazi ya cheni hiyo ni kuunganisha krankishafti iliyo chini na kamshafti iliyo juu. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na valvu hufunguka kwa wakati wake. Cheni ikiruka jino moja tu, injini hukosa nguvu. Ikikatika, valvu na pistoni zinaweza kugongana.

Mwenye cheni ya namna hii ni Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Manchester, Uingereza. Mwaka 1880 alipata hataza ya cheni ya vigurudumu. Ni ndugu wa cheni inayozungusha baiskeli zinazobeba matoke barabarani kwetu. Watengenezaji wa magari waliichukua kwa sababu ni imara. Baadaye, mwaka 1962, kampuni ya Glas ya Ujerumani ilitoa gari dogo lililotumia mkanda wa mpira wenye meno badala ya cheni, na wengine wengi wakafuata. 22R ilibaki na cheni.

Hata hivyo, cheni yenyewe ilibadilika. Injini ya 20R, iliyotangulia 22R, ilikuwa na cheni ya safu mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota iliweka safu moja katika 22R, pamoja na vibao vya plastiki vya kuiongoza. Cheni nyepesi hupunguza msuguano. Lakini ikirefuka kwa uchakavu, kikazio chake, ambacho husukumwa na presha ya oili, hakiwezi tena kuikaza. Asubuhi injini inapowashwa oili bado haijapanda, kwa hiyo cheni hupigapiga kibao mpaka kinavunjika. Kisha husugua kifuniko cha mbele hadi kukitoboa, na maji ya rejeta huingia kwenye oili.

Hayo yote yalitupata, na kosa lilikuwa langu. Tulipofungua injini mara ya kwanza nilimwambia baba mdogo, "Baba, vibao bado vizima. Tununue cheni peke yake, pesa zibaki." Alinisikiliza kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Miezi saba baadaye tulichomoa kijiti cha kupimia oili, tukakuta oili nyeupe kama chai ya maziwa. Mahindi ya majirani wawili yalikuwa nyuma ya gari.

Safari ya pili ya Mbarara tulikwenda na pesa ya karo yangu ya muhula. Kwenye duka la spea tulionyeshwa vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cheni iliyotumika, ya bei ndogo. Tuliikataa, kwa kuwa hakuna ajuaye imerefuka kiasi gani. Cha pili kilikuwa seti ya safu mbili, kama za zamani. Niliitamani, lakini gia ya juu ilikuwa ya safu mbili na ya chini ya safu moja. Mtu alikuwa amechanganya maboksi. Cha tatu kilikuwa seti kamili ya safu moja: cheni, gia zote mbili, kikazio, na vibao vyenye mgongo wa chuma. Tulichukua hiyo, pamoja na kifuniko kipya na gasketi.

Baba mdogo alinipa kazi ya kuhesabu. Nililinganisha meno ya gia mpya na ya zamani, nikapanga pingili zenye rangi ya kung'aa mbele ya alama za gia. Kabla ya kuwasha tuliizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Haikugota popote.

Muhula ule sikurudi shule. Nilibeba magunia hadi karo ikapatikana tena, na sijutii, maana pikapu bado inakwenda sokoni.

Nilichojifunza ni hiki: kila kipuri kina uamuzi wa mtu ndani yake. Aliyepunguza safu ya cheni alikuwa na sababu yake. Sisi tunaonunua gari hilo miaka mingi baadaye, na kulibebesha mahindi kwenye njia ya vumbi, tunarithi uamuzi wake. Fundi asiyejua injini yake ilibadilishwa lini na kwa nini atanunua cheni peke yake, kama nilivyofanya mimi.