Ganzi

ganzi nm [i-]

1. Hali ya meno kusisimka na kushindwa kutafuna baada ya kula kitu kichachu: *Alikula plamsi changa za Lushoto, meno yakaingia ganzi.*
2. Hali ya kiungo kukosa hisia: *Mguu umekufa ganzi kwa kukaliwa.*
3. (tiba) Hali ya sehemu ya mwili kutohisi maumivu kwa sababu ya dawa: *Daktari alimtia ganzi kabla ya kumng'oa gego.*

Ganzi na nusukaputi. Maneno haya si visawe. Aliyepewa *nusukaputi* hupoteza fahamu. Aliyetiwa *ganzi* hubaki macho. Neno *nusukaputi* limeundwa kwa *nusu* na neno la Kijerumani *kaputt*, 'kuharibika'. Ni masalio ya enzi ambayo Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal, sawa na *shule* na *hela*.

Tanbihi kwa wafasiri. Katika upasuaji wa uso na taya, dawa ya ganzi aghalabu huwekwa karibu na shina la neva, si penye jeraha. Mfupa wa taya la chini ni mzito kwenye magego, hivyo dawa iliyochomwa kando ya jino haipenyi vizuri. Ikiwekwa upande wa ndani wa taya, pale neva inapoingia mfupani, meno ya chini ya upande huo hufa ganzi pamoja na nusu ya mdomo wa chini na kidevu.

Istilahi ya Kiingereza ya mbinu hii hubeba dhana ya kuzuia, na baadhi ya wafasiri huandika *kuziba mshipa*. Tafsiri hiyo inapotosha. *Mshipa* ni wa damu na ni wa fahamu pia. Mgonjwa wa Mlalo au Soni akisoma kwamba mshipa wa taya utazibwa, ana haki ya kuogopa kiharusi na kukataa kutia saini. Kuandika *nusukaputi* nako humfanya aridhie jambo lisilotendeka, kisha ashtuke kujikuta macho huku akisikia vyuma.

Andika *kutia ganzi kwenye neva ya taya*, kisha ueleze: *Mama, utakuwa macho. Utahisi kugandamizwa, lakini hutahisi maumivu. Ukihisi maumivu, inua mkono.*

Taz. pia nusukaputi, neva, mshipa.