Kutoka Kipande hadi Mkataba wa Hali Bora: Miaka 70 ya Chama cha Wafanyakazi

Oktoba 1955 vyama vidogo vya wafanyakazi wa Tanganyika vilikutana Dar es Salaam vikaunda Tanganyika Federation of Labour, ambayo wazee wetu waliita TFL basi. Mwaka 2025 imetimia miaka 70, na hii ni historia fupi kwa wanachama wa Mara, hasa vijana wa Kiriba, Butiama na Bunda wanaokatwa ada kila mwezi bila kujua ilianzia wapi. Jina limebadilika mara nyingi. Sisi tuliokitumikia tumekiita Chama wakati wote, na hapa nitakiita hivyo hivyo.

Kwanza kipande. Mashambani na migodini mtu wa kazi alipewa kadi yenye visanduku 30. Akimaliza kazi ya siku, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Siku ya homa haina alama. Siku nyapara akisema kazi haijaisha, haina alama pia, na hapakuwa na wa kumwambia nyapara kwamba amekosea. Mshahara ulisubiri kadi ijae, na siku hizo 30 zingeweza kula wiki 6. Dhahabu ya Buhemba na Kiabakari ilichimbwa katika zama hizo, na mikono iliyoichimba haikuwa na chama cha kuisemea.

Wa kwanza kusimama walikuwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukapanda na reli hadi miji ya bara. Hapo ndipo kikazaliwa chama cha makuli, na kijana Abdulwahid Sykes akawa katibu wake mwaka 1948. Chama hicho hakikudumu. Mwaka 1950 palitokea vurugu bandarini, serikali ikakifuta. Lakini makuli walikuwa wameshaonyesha kwamba meli haipakuliwi na Gavana.

Sasa nifike kwa mzee wetu Rashidi Mfaume Kawawa, na msomaji anisamehe nikikaa hapa. Alizaliwa upande wa Songea 1926, akasoma Tabora. Watu wengi walimjua kwanza kwenye sinema, kwa sababu alicheza katika filamu za mwanzo za Kiswahili, ikiwemo Muhogo Mchungu. Alikuwa mtumishi wa serikali, na tangu 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani aliyeipenda TANU alibaki mlangoni. Kawawa akapitia mlango mwingine: akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, na TFL ilipoundwa yeye ndiye akawa Katibu Mkuu wa kwanza. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali ili akitumikie Chama. Fikirini maana yake: mshahara wa uhakika, wa kila mwezi, anauacha kwenda kuongoza shirikisho lililokuwa halina fedha.

Na hatukusimama peke yetu. Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam Tom Mboya wa shirikisho la Kenya, bado kijana, kuwashauri wenzake namna ya kuunganisha vyama. Watu wa Kiriba wanapaswa kulijua hili vizuri, kwa maana asili ya Mboya ni kisiwa cha Rusinga, katika ziwa letu hili hili.

Ada zilikusanywa kwa mkono. Hapakuwa na makato ya mshahara. Katibu wa tawi alimfuata mwanachama siku ya malipo, akapokea senti zake, akamwandikia kwenye kadi. Mwanachama asiyeridhika na kazi ya Chama alikunja mkono wake, na katibu alipaswa kumweleza palepale kwa nini alipe. Kwa maoni yangu hakuna chuo cha uongozi kilichokuwa bora kuliko mstari ule wa malipo. Mwaka 1952 wanachama walioandikishwa nchi nzima walikuwa mia chache. Kufikia 1961 walikuwa wanakaribia laki mbili.

Vyama vikaongezeka: mkonge chini ya Victor Mkello, reli chini ya Kasanga Tumbo, uchukuzi alikotoka Michael Kamaliza, majumbani na hotelini, posta, serikali za mitaa. Wachimbaji nao wakapata chama chao ndani ya TFL, na kwa mara ya kwanza mtu wa almasi Mwadui na mtu wa dhahabu wa upande huu wa ziwa wakawa ndugu katika shirikisho moja. Wenzetu wa Zambia walikuwa wametutangulia. Chama chao cha wachimbaji Waafrika kilianza 1949 chini ya Lawrence Katilungu, na migodi ile ya shaba iliwaajiri pia watu wetu waliovuka mpaka kutoka kusini.

Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, wananchi waliisusia bia ya chupa, na TANU ikawa pamoja nao. Mwaka 1960 watu wa reli wakagoma siku 82. Siku 82 bila mshahara! Wazee wa reli walijitambulisha kwa mgomo ule maisha yao yote.

Uhuru ulipofika Chama kilikuwa kimeshailea nusu ya serikali. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu, Kamaliza akapewa Wizara ya Kazi. Tume ya mishahara ya Chesworth ikakaa, kikatoka kima cha chini cha shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam, na kipande kikaanza kwenda zake. Mwaka huo huo zilikuja sheria za kusuluhisha migogoro, ambazo baadhi ya viongozi wetu hawakuzifurahia. Serikali ilimpeleka Mkello akakae Sumbawanga kwa muda mwaka 1963. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 baadhi ya viongozi walishikiliwa, TFL ikavunjwa, na kwa sheria kikaundwa chama kimoja, NUTA, Kamaliza akiwa Katibu Mkuu na Waziri kwa pamoja. Nyakati zilikuwa ngumu na nchi ilikuwa changa. Yaliyompata Kamaliza baadaye yako katika vitabu vya siasa. Mimi namkumbuka kwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi na sheria ya usalama wa ajira, vyote vya 1964, vilivyomfanya mwajiri afikiri mara mbili kabla ya kumwambia mtu aende.

NUTA ilikuwa na gazeti lake, Mfanyakazi, na ilikuwa na bendi. Ndiyo, bendi! NUTA Jazz ilianza 1964, wanamuziki wake wakiajiriwa na Chama, na Muhidin Gurumo alikuwamo tangu mwanzo. Jina la Chama lilipobadilika na la bendi lilibadilika: JUWATA Jazz, OTTU Jazz, na leo Msondo Ngoma. Wengi waliocheza msondo Musoma mpaka alfajiri hawakujua kwamba ada ya kuli na mchimbaji ndiyo iliyonunua magitaa yale ya kwanza.

Mengine nitayapitia upesi. Migodi mikubwa ya dhahabu, Geita na Kiabakari, ilifungwa miaka ya 1960, na watu wakarudi kwenye pamba na samaki. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwapa wafanyakazi sauti mbele ya mameneja, na viwandani kukawa na vuguvugu ambalo Chama kilifanya kazi ya kulituliza. NUTA ikawa JUWATA, iliyozinduliwa 1978. Ikafuata OTTU 1991. Mwaka 1995 sekta zikawa vyama kamili: TUGHE, TUICO, TALGWU, TPAWU, CHODAWU, TRAWU, RAAWU na ndugu zao, na migodi na ujenzi ikawa TAMICO. Shirikisho lao, TUCTA, 2001. Sheria ya ajira na mahusiano kazini 2004. Makatibu wakuu kama Nestory Ngulla na Nicholas Mgaya tunawashukuru.

Dhahabu ilirudi: Nzega 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001, Nyamongo 2002. Oktoba 2007 Bulyanhulu palikuwa na mgogoro mzito na wenzetu wengi walipoteza kazi. Tulijifunza. Baadaye NUMET nacho kikaingia migodini, na leo neno linalosikika zaidi getini ni mkataba wa hali bora, unaojadiliwa mezani. Mei Mosi 2025, Singida, kima cha chini cha serikali kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000.

Kazi iliyobaki iko Buhemba, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kijana wa huko analipwa kwa mgao wa mawe, bila mkataba na bila kadi ya chama chochote. Shimo likimwangukia, familia yake haina fidia ya kudai. Matawi yetu ya Mara yaanze naye, na yaanze mwaka huu.