Mtafiti wa malaria katika vilima vya Kisii

Birongo, katika eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, ni nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai. Zamani ilidhaniwa kwamba baridi ya nyanda hizi za juu ilitosha kuzuia malaria. Milipuko ya miaka ya 1990 iliondoa dhana hiyo, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), iliyoundwa mwaka 1979, wakapiga kambi katika maeneo kama Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii.

Kazi yao huanza mapema asubuhi, mbu aliyeuma usiku akiwa bado ametulia ukutani. Mwenye nyumba huelezwa shughuli nzima kwa lugha anayoielewa, na akikataa, huachwa kwa heshima. Akiridhia, vyakula hutolewa nje, shuka nyeupe hutandikwa sakafuni, madirisha hufungwa na dawa ya pareto hupulizwa. (Pareto yenyewe ni zao ambalo wakulima wa Kisii na Nyamira walilikuza kwa miaka mingi.) Baada ya dakika kama kumi mbu walioanguka huokotwa mmoja mmoja.

Kisha ni bondeni, upawa mkononi, kutafuta viluwiluwi. Hupatikana katika machimbo ya matofali, mitaroni, na katika vinamasi vilivyofyekwa mafunjo ili kupandwa mboga. Maji yasiyo na kivuli hupata joto, na viluwiluwi hukua upesi.

Maabarani, damu iliyotolewa kidoleni hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Sehemu 100 za kioo hupitiwa kabla ya kutamka kwamba hakuna vimelea; mtaalamu wa pili hukisoma kioo hicho bila kujua jibu la mwenzake. Asiye na subira hafai kwa kazi hii.

Mkazi wa kando ya Ziwa Victoria huumwa na mbu hawa mara kwa mara hata mwili ukajenga kinga. Wa vilimani hana kinga hiyo, kwa hiyo mlipuko huua watu wazima pamoja na watoto. Ndiyo maana joto na mvua hupimwa kila siku. Mwaka 2001, Andrew Githeko wa KEMRI na mwenzake walichapisha njia ya kutabiri milipuko kwa takwimu hizo, ili hospitali zipate muda wa kuagiza dawa na nyumba kupuliziwa kabla wagonjwa hawajafurika.